Baga iliyovishwa yai

Kwa miaka minne niliyosoma Gombak, kaskazini mwa jiji la Kuala Lumpur, chakula nilichokila mara nyingi zaidi baada ya saa nne ya usiku hakikuwa wali wala zile chapati zao laini ziitwazo roti canai, bali baga. Najua kwamba msomaji wa Tanga au wa Unguja akilisikia neno hilo huona akilini mkahawa wenye viyoyozi, picha kubwa ukutani za chakula kisichofanana na kile kitakacholetwa mezani, na bei inayomfanya mtu ale huku akihesabu. Baga ninayotaka kuieleza leo haina undugu na hiyo. Huuzwa kando ya barabara chini ya mwavuli, na kijana mmoja aliyesimama nyuma ya chuma cha moto, na wanunuzi wake wakubwa ni watu ambao saa hizo walipaswa kuwa wamelala: wanafunzi, madereva, walinzi, wafanyakazi wa zamu ya usiku, na wanaume waliotoka kutazama mpira. Wenyeji huiita burger Ramly. Mimi nitaiita baga ya Ramly, na nikichoka nitasema baga tu.

Usiku wa kwanza nilipelekwa na Mpemba mmoja aliyenitangulia chuoni kwa miaka miwili, ambaye sote tulimwita Shehe, si kwa elimu yake ya dini bali kwa ndevu zake. Tuliteremka kwa miguu kutoka bwenini, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu na lami bado ikitoa mvuke, na njiani akanifundisha maneno matano ambayo, kwa maoni yake, yalitosha kumwezesha mgeni kuishi Malaysia bila kufa njaa. Daging ni nyama ya ng'ombe. Ayam ni kuku. Biasa ni ya kawaida. Special ni ile iliyofungwa ndani ya yai. Satu ni moja. Neno la sita lilikuwa la adabu: muuzaji huitwa abang, yaani kaka, nalo hukatwa likawa bang. Hapo niligoma. Sikuweza kusimama mbele ya watu nikapaza sauti kwa neno ambalo sikio la Kiswahili hulisikia kuwa jambo jingine kabisa, tena katika nchi ambayo sheria zake za dawa za kulevya tulikuwa tumeonywa nazo tangu uwanja wa ndege. Shehe akaagiza kwa niaba ya wote: "Bang, daging special dua." Dua kwao ni mbili, wala si kuomba, ingawa kwa jinsi nilivyokuwa na njaa maana zote mbili zilinifaa.

Kilichofuata kilichukua dakika chache tu, na baadaye nimekitazama mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisimulia nikiwa nimefumba macho. Chuma kinachotumiwa ni bapa na cha mstatili, kipana kama dawati la shule, kikipata moto wa gesi kutoka chini. Abang huchota majarini kwa mwiko wake wa bati na kuipaka chumani, kisha hupasua skonzi katikati na kuzilaza kifudifudi juu ya ile majarini hadi upande wa ndani upate rangi ya kahawia. Pembeni hulaza bapa la nyama ya kusaga, ambalo limetoka kwenye boksi la barafu likiwa gumu kama kigae, akaliongezea majarini bila huruma. Nyama ikianza kulegea huikata kwa ubavu wa mwiko, na wapo wanaoipasua karibu itengane, ifunguke kama kitabu, ili joto na viungo vifike ndani. Huitonesha sosi nyeusi ya Maggi au ile ya Worcestershire, na kuinyunyizia pilipili manga. Harufu ya kile kitone cheusi kinapogusa chuma cha moto ndiyo inayowaita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi binafsi nimewahi kuacha kitabu wazi juu ya meza ya maktaba kwa sababu ya harufu hiyo niliyokuwa naikumbuka tu, wala haikuwapo.

Kisha linakuja yai, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa maana jambo lenyewe liko hapa. Abang hulipasua yai kwa mkono mmoja juu ya sehemu ya chuma iliyo tupu, hukivuruga kiini kwa ncha ya mwiko, na kulitandaza kwa mizunguko miwili mitatu mpaka liwe utando mwembamba wa manjano wenye umbo linalokaribia mraba. Kabla utando haujakauka kabisa huiweka nyama katikati, akakunja upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa juu na wa chini, na kukipindua kifurushi hicho ili mikunjo ishikane kwa moto. Hayo yote ni mambo ya sekunde chache. Akichelewa, yai hukauka na kuvunjika linapokunjwa. Akiwahi mno, hutiririka na kugandamana na chuma. Muuzaji hodari hufanya mayai matano kwa mpigo, kila moja likiwa katika hatua yake, huku akimrudishia mteja chenji na kujibu simu iliyobanwa kati ya bega na sikio.

Baada ya hapo ni ujenzi. Skonzi hupakwa mayonezi, hutandazwa kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, vipande vya tango na kitunguu, kifurushi cha yai hupanda juu yake, sosi ya pilipili humiminwa kwa kwenda na kurudi, mayonezi hupakwa tena kana kwamba ile ya kwanza ilisahauliwa, na kifuniko cha skonzi hugandamizwa kwa kiganja. Kitu chote hicho hufungwa kwa karatasi, karatasi ikatiwa katika mfuko mdogo wa plastiki, nawe hukabidhiwa mzigo wa moto ambao bado huamini kwamba utaingia mdomoni.

Kwa kweli hauingii. Baga hii huliwa kwa kuinama, miguu ikiwa imeachana, ili kinachodondoka kiende ardhini badala ya kwenye viatu. Usiku ule nilikuwa nimevaa shati jeupe nililoshonewa Tanga kwa ajili ya siku ya kwanza ya masomo, nami nililivua kesho yake likiwa na ramani ya sosi ya pilipili kifuani, ramani ambayo hakuna sabuni ya Malaysia iliyoweza kuifuta. Shehe aliniona nikiifungua karatasi yote na hakusema neno, akisubiri nijifunze mwenyewe kwamba karatasi haifunguliwi bali hushushwa kidogo kidogo kadiri unavyokula, kama mtu anayemenya ndizi, na kwamba mfuko wa plastiki si wa kubebea tu bali ni bakuli la kukingia mchuzi. Nilipomaliza nilikuwa nimeshiba kwa namna ambayo chakula cha kantini hakikuwa kimewahi kunishibisha. Special moja, kwa tumbo langu la miaka ishirini na moja, ilitosha tangu saa tano ya usiku hadi adhuhuri ya siku ya pili, na bei yake wakati huo ilikuwa ringgit 3 na senti 50.

Wapo waliokuwa na matumbo makubwa zaidi, na kwa ajili yao vibanda vina msamiati wake. Ipo double, yenye mabapa mawili ya nyama. Ipo ile ndefu iitwayo oblong, inayotiwa katika mkate mrefu badala ya skonzi. Ipo burger kahwin, yaani baga ya ndoa, ambayo ndani yake bapa la kuku na bapa la ng'ombe yamelazwa pamoja, na mwanafunzi mmoja wa sheria kutoka Mombasa hakuchoka kuuliza kama mahari yamelipwa. Na kwa mwisho wa mwezi, fedha zinapokwisha, ipo benjo, ambayo ni skonzi, yai, sosi na mboga, bila nyama yoyote. Nimekula benjo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Jina Ramly si la mtaa wala la pishi, ni la mtu. Ramly Mokni aliwahi kufanya kazi ya kukata nyama, na mwaka 1979 yeye na mkewe walianza kutengeneza na kuuza baga wakati ambapo Waislamu wengi wa nchi hiyo walikuwa na shaka juu ya uhalali wa nyama za kusindikwa zilizokuwa sokoni. Baga yenyewe haikuwa ngeni kabisa, kwa kuwa mkahawa wa A&W ulikuwa umekwisha kufika Malaysia tangu mwaka 1963; lakini McDonald's ilikuwa haijafungua mlango wake wa kwanza huko, jambo ambalo lilitokea mwaka 1982 katika mtaa wa Bukit Bintang. Kwa hiyo yule Mmalaysia wa kawaida, hasa wa kijijini, aliijua baga kwanza kwa mkono wa abang wa mtaani, na alipokuja kuiona ile ya kigeni aliiona kuwa kavu, isiyo na yai, na ya bei kubwa bila sababu. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema hivyo kituoni, akiwa ameushika mfuko wake wa plastiki kwa vidole viwili, na sikuona haja ya kubishana naye.

Mpango wa biashara nao unastahili kutajwa, kwa sababu ndio uliozifikisha baga hizi kila kona. Kampuni husindika nyama, huiuza ikiwa imegandishwa ndani ya maboksi, na mwenye kibanda hununua maboksi yake, skonzi zake na chupa zake za sosi, akaongeza chuma, mtungi wa gesi, mwavuli na meza ya kukunja. Haajiriwi na mtu. Akitaka kufungua saa moja ya usiku hufungua saa moja, na akitaka kulala Jumatatu hulala. Wengi niliowafahamu walikuwa vijana wenye kazi nyingine mchana, ama wanafunzi waliokuwa wakijilipia ada, na mmoja alikuwa fundi wa pikipiki ambaye vidole vyake vilikuwa na weusi wa oili usiotoka hata baada ya kunawa mara tatu mbele yetu ili tusiogope.

Hili ndilo lililonifikirisha zaidi kuliko ladha. Nyama inatoka kiwanda kimoja. Skonzi zinafanana. Sosi ziko katika chupa zile zile. Bei hutofautiana kwa senti chache. Kwa mantiki ya kawaida ilipaswa iwe sawa kwa mtu kununua kibanda chochote, kama vile anavyonunua soda. Lakini katika barabara moja iliyopita karibu na lango letu palikuwa na vibanda vitatu, kimoja kikiwa na foleni ya watu kumi na watano hadi usiku wa manane, na viwili vikiwa na wauzaji waliokuwa wakitazama simu. Nilifanya utafiti wangu mdogo, kwa gharama ya fedha zangu mwenyewe, wa kula kwa zamu katika vibanda vyote vitatu, na niliridhika kwamba foleni ile haikuwa ya ushabiki. Muuzaji wa kwanza alisubiri. Aliiacha nyama ikae juu ya chuma hadi kingo zake zikauke na kuwa na ukoko, hakuigeuza kila mara kwa wasiwasi, na yai lake lilikuwa jembamba kiasi cha kuona nyama kwa ndani kama mtu nyuma ya pazia. Wa pili alikuwa na haraka, na nyama yake ilikuwa na baridi katikati. Wa tatu alikuwa mkarimu wa sosi kupita kiasi, jambo ambalo mwanzoni hufurahisha, kisha unagundua kwamba unakula sosi yenye skonzi.

Watu wa kwetu hawatashangazwa na habari hii, kwa maana chipsi mayai nayo ni mayai, viazi na mafuta kwa kila mkaanga chipsi wa Tanzania, na bado kila mtaa una zege moja ambalo watu huvuka mitaa mingine kulifuata. Tofauti ni kwamba mkaanga chipsi huchagua viazi vyake mwenyewe na huweza kujitetea au kulaumiwa kwa hilo. Abang hana hata huo uhuru. Kila kitu amekabidhiwa kikiwa tayari, na alichobakiwa nacho ni moto, muda na mkono. Ndiyo maana nilipowasikia Wamalaysia wakibishana kwa nusu saa kuhusu abang wa mtaa gani aliye bora, sikucheka. Walikuwa wakibishana juu ya jambo halisi.

Uaminifu kwa abang ni mzito, na nililipia kosa langu. Usiku mmoja wa mvua, mwavuli wa muuzaji wetu ukiwa na foleni ndefu, nilinunua kwa yule wa pili, kisha nikasahau kwamba njia pekee ya kurudi bwenini inapita mbele ya yule wa kwanza. Niliuficha mfuko chini ya koti. Harufu haikufichika. Aliniangalia, akaangalia koti langu, akatabasamu, na kurudi kwenye mayai yake. Kwa wiki nzima baada ya hapo, kila nilipoagiza, aliniuliza kwa upole kama ningependa nyama yangu iwe baridi katikati.

Kwa nini usiku? Sababu ya kwanza ni jua, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama mbele ya chuma cha moto mchana wa Kuala Lumpur, ambako hewa yenyewe hukulowesha kabla hujafanya kazi yoyote. Sababu ya pili ni mpira. Mechi ya Jumamosi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa ya alasiri huko London, ambayo Tanga huitazama saa kumi na mbili ya jioni wakati wa majira yao ya baridi, Malaysia huanza saa tano ya usiku. Ile ya jioni huanza saa saba na nusu ya usiku. Na mechi za Ulaya za katikati ya juma huanza saa kumi ya alfajiri, wakati ambapo mtu huanza kujiuliza kama anakula chakula cha usiku kilichochelewa ama kifungua kinywa kilichowahi. Wenye vibanda wanaijua ratiba hiyo kuliko makocha. Nyama huwekwa chumani dakika ya arobaini, ili filimbi ya mapumziko inapolia kifurushi cha kwanza kiwe tayari.

Katika mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika kidogo. Baga hizo huonekana mapema katika masoko ya futari yanayofunguliwa alasiri, zikiwa zimepangwa katikati ya vyakula vingine vingi, lakini foleni ya kweli huja baada ya tarawehe, wanaume wakiwa bado na kofia zao vichwani na kanzu zimeshikwa kwa mkono mmoja zisiguse sosi. Nilikaa na watu hao nikijihisi niko nyumbani kuliko mahali pengine popote katika nchi ile, na lugha ilisaidia. Karatasi anayofungia baga abang huiita kertas. Meza yake ni meja. Anayekamulia samaki limau nyumbani huliita limau, vivyo hivyo. Uhalali wa nyama ni halal. Na usiku mmoja nilipofika akiwa amebakiwa na bapa moja tu la ng'ombe, huku mtu mwingine akija mbio nyuma yangu, alilinyanyua, akalilaza chumani, na kuniambia neno moja: rezeki. Sikuhitaji mkalimani.

Ng'ambo ya mlango-bahari, jirani zao wa Singapore walikuwa na mkasa wao. Nchi hiyo huruhusu nyama kuingia kutoka vyanzo ilivyoviidhinisha tu, na kwa miaka mingi nyama ya ng'ombe ya Ramly haikuwa miongoni mwavyo, hivyo bapa lile lile ambalo sisi tulilinunua kwa sarafu za mfukoni huko lilikuwa bidhaa ya magendo ya kukamatwa na wakaguzi. Mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa na shangazi Singapore alisema jamaa zake walivuka daraja hadi Johor mwishoni mwa juma kwa ajili ya kula tu, wakarudi na matumbo yakiwa ndiyo mizigo. Nadhani ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo baga inaweza kupewa.

Sitaisifu kwa yasiyokuwamo. Nyama yake imesindikwa, si paja la ng'ombe, na anayetafuta ladha ya mishkaki ya Tanga iliyolazwa kwa papai na tangawizi asisafiri maili zote hizo. Majarini ni nyingi. Mayonezi yana utamu ambao sikuwahi kuuzoea. Mwaka wa tatu nilikwenda kupimwa na kuambiwa nipunguze vitu fulani, na daktari hakuhitaji kuvitaja kwa majina, kwa kuwa na yeye nilimkuta siku mbili baadaye kwenye foleni ile ile, amesimama watu wanne mbele yangu. Tulisalimiana kwa heshima na kila mmoja akatazama upande wake.

Niliporudi Tanga nilidhani kuitengeneza kutakuwa jambo jepesi. Nilikuwa na chuma cha chapati cha mama, jiko la gesi, skonzi za duka la jirani, na nyama ya kusaga kutoka buchani, tena nyama halisi, nikaamini kwamba yangu itaishinda ile ya kiwandani kwa mbali. Jaribio la kwanza lilisambaratika. Nyama ilivunjika vipande kabla sijaigeuza, yai likachanika, na kilichofika mezani kilikuwa chakula kitamu tu cha kima na mayai ambacho hakikuhitaji mtu asafiri hadi Gombak kujifunza. Jaribio la pili nilitia chenga za mkate mkavu na kuikanda nyama kwa muda mrefu, nikaibana kati ya vifuniko viwili vya ndoo ndogo ili iwe na unene mmoja, na kuilaza katika friza usiku kucha. Hapo nikaelewa kwamba ule ugumu wa kigae nilioudharau ulikuwa na kazi: nyama iliyoganda hukaa katika umbo lake huku ukoko ukijijenga chini, na inapoanza kulegea tayari imekwisha jishika.

Yai lilinichukua miezi. Chuma cha chapati ni cha mviringo na kina bonde katikati, hivyo yai hukimbilia huko na kuwa nene kama kitumbua huku kingo zikiungua. Nililipa fundi wa kuchomelea wa barabara ya kumi na mbili anikatie bamba bapa la mstatili, akaniuliza ni la mlango gani. Nilimweleza. Alitikisa kichwa, akakata, na jioni alikuja mwenyewe nyumbani kuona kama nilikuwa nasema kweli. Alikula mbili.

Mama yangu hakuvutiwa kirahisi. Mara ya kwanza nilipompelekea special iliyokunjika vizuri pande zote nne, alifunua skonzi, akakitazama kile kifurushi cha manjano, na kuuliza, "Baba, mbona nyama umeivika? Inaona haya?" Nikamweleza habari za Gombak, foleni, moto na sekunde. Alisikiliza, akamega, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yai halina neno na nyama haina neno, ila skonzi ina sukari kama ya chai na kabichi ingefaa iwe kachumbari yenye ndimu na pilipili mbuzi. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chapati iliyobaki ya asubuhi, akakihamishia kifurushi changu humo, akakikunja. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa usiku wapwa zangu wanapokusanyika na bamba likiwashwa uani, maagizo yanayopigwa ni ya aina mbili, ya skonzi na ya chapati, na ya chapati ndiyo huisha kwanza.